Utani Niliouandika

Kosa langu nililifanya kwa mwandiko mzuri. Niliandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, nikayafunga kwa alama za kunukuu, nikaweka nukta mwishoni, na sikuandika kwamba watu waliomsikia walicheka. Ukurasa huu nimeuanza mara tisa. Kila mara nilitaka kuanza na mto, au na watu wa msituni, ili kosa langu lije baadaye likiwa limezungukwa na makosa ya wengine. Nimeona niliweke hapa juu, nisiweze kulihamisha.

Kijiji chetu kiko ndani sana, kando ya Mbwemkuru, mahali ambapo msitu unashuka mpaka majini. Kutoka Kiswere kwa pikipiki wakati wa kiangazi ni mwendo wa asubuhi nzima. Masika hakuna pikipiki. Kuna matope, kuna miguu yako, na ukiugua unabebwa kwenye kitanda cha kamba na wanaume wanne wanaopokezana. Miti imesongamana kiasi kwamba mwenye paneli ya sola huifunga juu ya mlingoti mrefu ili ipate jua. Mtandao wa simu ulikuwa unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shule, na watu walipanga foleni pale kama kwenye kisima. Nyumba ziko upande huu wa mto, mabonde ya mpunga yako upande wa pili, na katikati kuna mamba. Kwa hiyo mwenye mtumbwi alikuwa mtu mkubwa kuliko mtendaji.

Mwenye mtumbwi alikuwa Mzee Likwena. Alikuwa Mngindo, mwembamba, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo bila kuikaza. Sisi ni Wamwera, na nyumba yake na nyumba yetu zilikuwa za watani tangu kwa babu zetu. Kwa asiyejua mambo haya, mtani ana ruhusa ya kukutukana na kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini kwenye msiba ana kazi. Anachimba kaburi, anachota maji, anapasua kuni, na katikati ya kazi hizo anafanya mizaha mizito juu ya marehemu mpaka wafiwa washindwe kujizuia. Mfiwa akicheka, hata mara moja, mtani amefanya kazi yake.

Siku ninayoikumbuka kabla ya mambo kuharibika ni siku ya kuvuna. Nilikuwa na baba yangu mdogo, Bakari, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alinilea baada ya baba kufariki. Tulishuka bandarini asubuhi na magunia matupu.

"Wamwera, ingieni mmoja mmoja," Likwena alisema. "Mkizama wote leo nitapata wapi watu wa kuwatukana?"

"Tukizama utatupikia wewe na mkeo," baba mdogo akamjibu.

"Mke wangu hapikii watu wanaozama kwenye bakuli la mchuzi."

Binti yake, Somoe, ndiye aliyeshika upondo wa kusukumia mtumbwi. Tulikuwa rika moja. Alinitazama nilivyokuwa nimekumbatia daftari kwenye mfuko wa nailoni. "Na huyu Katibu anakwenda kuvuna au kuandikisha mpunga majina?"

Waliniita Katibu ijapokuwa hakuna aliyenichagua. Niliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti ya zamani yaliyofungiwa maandazi, na kwenye kamusi niliyoipata Kiswere ikiwa imenyofoka kurasa zote za herufi A, hivyo kwa miaka mingi maneno yanayoanza na A niliyaandika kwa wasiwasi. Niliwaandikia watu barua na mihtasari ya vikao. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima. Baba mdogo alikuwa akisema kwamba mimi peke yangu ninamaliza madaftari ya kitongoji, lakini alikuwa ananinunulia mengine.

Habari za watu wa msituni zilianza kama maneno ya kawaida. Wapasua mbao wa mninga walirudi kabla ya wakati wao, bila mbao. Walisema wamekutana na vijana wenye bunduki ambao hawakuwauliza wao ni akina nani, waliwauliza viongozi wetu ni akina nani. Baada ya wiki mbili, mwenyekiti wa kijiji kilicho chini ya mto alipigwa risasi dukani kwake akipima sukari. Kisha mwingine, upande wa milimani. Walitaka nini, sikujua wakati ule na sijui sasa, na sitajifanya najua. Nimesikia maelezo mengi kwa watu ambao hawakuwepo.

Maisha yalipungua kidogo kidogo. Watu waliacha kulala kwenye madungu ya kulindia mpunga mabondeni, na nguruwe pori na viboko wakala mpunga. Muuguzi wa zahanati aliaga kwenda kuchukua dawa, hakurudi. Walimu watatu wakabaki mmoja. Chumvi ikaadimika, maana wachuuzi wa kutoka pwani waliogopa njia. Mama mmoja wa jirani yetu alijifungua ndani ya shamba la mihogo kwa kuogopa kulala nyumbani. Baba mdogo aling'oa kibao kilichoandikwa "Mwenyekiti" mlangoni kwetu, akakitumia kufunikia mtungi wa maji. Kibao hicho nilikiandika mimi.

Kisha wakaja askari, magari mawili. Waliitisha mkutano, wakasema kila kitongoji kiwe na daftari. Aandikwe anayeingia, aandikwe anayetoka, na yaandikwe maneno yoyote ya kutia shaka.

"Nani ana mwandiko mzuri?" aliuliza mmoja wao.

Watu wote wakanigeukia. Nitasema kweli, nilifurahi. Nilipiga mistari kwa rula: Tarehe, Saa, Jina, Maelezo. Niliandika kwa uaminifu mkubwa. Hata fundi cherehani aliyekwenda kuazima sindano kijiji cha pili akarudi, nilimwandika.

Baba mdogo aliuawa alasiri, ng'ambo, akijaribu kuokoa mpunga uliobaki. Mimi nilikuwa bandarini upande huu.

Nilisikia milio miwili.

Ndege waliruka wote kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo waliacha vyombo majini wakakimbia.

Likwena hakukimbia. Alimnyang'anya Somoe upondo, akaingia mtumbwini peke yake, akavuka. Tulimwona akipotea kwenye matete. Sijui alikaa kule kwa muda gani. Aliporudi alikuwa kifua wazi. Shati lake lilikuwa limemfunika baba mdogo usoni.

Kesho yake tulizika. Likwena alichimba kaburi na wana wa ndugu zake, kama ilivyompasa. Baada ya maziko alikuja uani kwetu na jembe begani, matope mpaka magotini, akasimama mbele ya wanaume waliokaa kwenye mikeka. Walikuwa wameinamisha vichwa. Tangu alfajiri hakuna aliyekuwa amesema neno zaidi ya pole.

"Nawaona mnahangaika kumtafuta aliyemuua," alisema. "Bakari nimemuua mimi. Nilichoka kumvusha, alikuwa mzito kama gunia la chumvi. Sasa nimekuja kuchukua kuku wangu."

Watu walicheka. Walicheka kwa mshituko, kama watu waliokuwa wamebana pumzi. Shangazi yangu, dada yake marehemu, aliweka khanga mdomoni, mabega yakamtikisika, machozi yakamtoka, na alikuwa anacheka. Alinyoosha kidole kuonyesha banda la kuku. Likwena akaenda akamkamata jogoo mkubwa kuliko wote, akamwinua juu, watu wakacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona baba mdogo akioshwa. Niliingia ndani, nikafungua daftari, nikaandika: "Saa nane na robo mchana. Likwena, mwenye mtumbwi, amesema mbele ya watu: 'Bakari nimemuua mimi. Nilichoka kumvusha, alikuwa mzito kama gunia la chumvi. Sasa nimekuja kuchukua kuku wangu.'" Nikasoma mara mbili. Hapakuwa na kosa.

Kwa nini niliandika? Nimejiuliza mno. Nimejijibu kwamba tuliambiwa tuandike kila neno. Nimejijibu pia kwamba safu ya siku ile ilikuwa tupu na mimi sipendi safu tupu. Na siku ninazokuwa mkweli zaidi najijibu kwamba nilimkasirikia, na mfiwa hana haki ya kumkasirikia mtani, kwa hiyo hasira yangu niliipa kalamu. Sijui lipi lilitangulia.

Siku ya nne askari walirudi. Kiongozi wao safari hii alikuwa mwingine, kijana mpole mwenye lafudhi ya bara. Alimwamkia shangazi shikamoo kabla ya kukaa. Aliomba daftari, akalisoma kuanzia mwanzo, akanisifu. "Wewe umeandika vizuri kuliko vijiji vyote," aliniambia. Kisha akafika kwenye ukurasa ule.

Alisoma akarudia. Alimwita Likwena, ambaye alikuwa amekaa chini ya paa la jikoni anasuka kamba.

"Wewe ndiye mwenye mtumbwi?"

"Ndiye mimi, afande."

"Huu mto unavukwa kwa mtumbwi wako peke yake?"

"Wangu. Mingine imetoboka kama akili za Wamwera hawa."

Baadhi ya watu walitabasamu. Kijana yule hakutabasamu. Alinigeukia mimi. "Haya maneno, aliyasema au hakuyasema?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa mkononi mwangu, na nilijua. Somoe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alisema kwa sauti ya chini, "Katibu, waeleze."

Nikasema, "Aliyasema."

Nilitaka kuongeza. Wallahi nilitaka. Lakini nilitaka kuongeza sawasawa. Nilitaka nianze na maana ya utani, halafu nieleze koo zetu, halafu kazi ya mtani msibani, halafu ndipo nifike kwa jogoo. Niliogopa kwamba nikianza vibaya nitaonekana namtetea muuaji, na nikipanga vibaya hatanielewa. Nikawa natafuta sentensi ya kwanza.

Shangazi hakutafuta sentensi. "Baba, ule ni utani tu," alisema. "Huyo ni mtani wetu."

"Mama, mtu ameuawa. Utani gani huo?"

"Ndiyo utani wenyewe."

Yule kijana alimtazama Likwena. Nadhani alikuwa anampa nafasi. "Mzee, ulisema umemuua?"

"Nilisema, afande," Likwena akajibu. "Na yule jogoo alikuwa mgumu, nimemchemsha siku mbili."

Walimfunga mikono kwa mbele. Hawakumpiga, na lazima niliseme hilo. Kijana yule alifunga daftari langu akaniambia, "Na wewe twende. Mengine utaeleza kituoni, taratibu, yaandikwe." Nilipata nafuu moyoni. Kituoni kungekuwa na meza, na muda.

Tulikaa nyuma ya gari, Likwena na mimi tumeelekeana, askari wawili pembeni. Somoe alilifuata gari kwa miguu mpaka mwisho wa mihogo. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi tu.

Njia ya kutokea barabara kuu inapita msituni kwa muda mrefu. Miti inakutana juu, na hata saa nne asubuhi kuna giza la kijani kibichi na ubaridi. Likwena alikuwa amejiegemeza kama mtu anayekwenda mjini kutembea.

"Katibu."

"Naam, mzee."

"Jina langu umeliandika kwa herufi kubwa?"

"Nimeandika."

"Vizuri. Maana nyie Wamwera hamchelewi kumwandika mtu kama jina la mboga."

Askari mmoja, kijana mdogo kuliko mimi, aligeuza uso akacheka puani. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuhitaji kuanza na koo wala na mababu. Ilitosha kumwambia kiongozi wake: huyu mzee ndiye aliyevuka peke yake kumleta marehemu. Ilikuwa sentensi moja. Niliigeuza kichwani, nikaona imekamilika. Nikainama kuelekea kwenye kidirisha cha mbele.

"Afande," nilisema, "naomba—"

Kioo kilipasuka.

Sikusikia mlio kwanza. Niliona kioo, halafu nikasikia.

Gari liliyumba, likagonga mti, likalala ubavu kidogo na kusimama.

"Shuka," Likwena alisema. Alinisukuma kwa bega, maana mikono yake ilikuwa imefungwa. "Shuka, lala chini."

Nilianguka kwenye majani. Nikatambaa chini ya gari. Mafuta yalikuwa yanadondoka karibu na sikio langu.

Nilimwona akishuka. Mtu aliyefungwa mikono hashuki kama watu wengine. Anageuka kwanza, anatafuta mahali pa kuegemea.

Aligeuka.

Aliketi chini taratibu, mgongo kwenye tairi, kama mtu aliyechoka. Miguu yake ilikuwa karibu na uso wangu. Kandambili moja ilikuwa imetoka.

Milio iliendelea. Kisha ikawa mbali. Kisha sauti za watu, na mtu mmoja aliyekuwa anamwita mama yake kwa lugha nisiyoijua.

Sikutoka mpaka walipokuja kunivuta miguu.

Yule kiongozi kijana alikufa pia, kwenye kiti cha mbele, mkono mmoja juu ya daftari. Sijawahi kujua nyumbani kwao ni wapi. Askari mdogo aliyecheka alipona, akiwa amejeruhiwa paja. Yeye ndiye aliyeikata kamba mikononi mwa Likwena, kwa kisu, baada ya kila kitu, na aliikata kwa uangalifu kama anayeogopa kumuumiza.

Mwili tulirudishiwa siku ile ile. Tukazika kesho yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mfiwa sasa alikuwa Mngindo. Watani tulikuwa sisi. Kaburi lilikuwa letu kulichimba, na tulilichimba. Maji yalikuwa yetu kuyachota. Na baada ya maziko mtu wa nyumba yetu alipaswa kusimama uani kwa Likwena na kusema yanayosemwa. Baba mdogo hakuwepo tena. Mwanaume wa nyumba yetu nilikuwa nimebaki mimi.

Shangazi alinisogelea. "Nenda," alisema. "Watu wanakusubiri."

"Siwezi, shangazi."

"Ukiacha, tutakuwa tumemtupa mara mbili."

Nikasimama. Jembe lilikuwa begani, sikukumbuka kulitua. Wanaume walikuwa kwenye mikeka. Somoe na mama yake walikuwa kwenye kizingiti, na wanawake wengine nyuma yao. Maneno ni yale yale, kila mtu anayajua, hayana fundi. Nikafungua mdomo nikasema, "Likwena nimemuua mimi."

Hakuna aliyecheka.

Nilipaswa kuendelea. Kuna sehemu ya sababu, ambayo kila mtani hutunga yake, na kuna sehemu ya kuku. Sikuweza kutunga sababu. Nilibaki nimesimama. Nilisikia mto.

"Najua," Somoe akasema. Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na kuku wa rangi ya kijivu amefungwa miguu, akavuka ua wote akanipa mkononi. "Kuku wako huyu. Mchukue."

Kumkataa kuku msibani ni kukataa undugu. Nikamchukua. Nilipita mbele ya wale watu nikiwa nimemshika, na alikuwa na joto, na moyo wake ulikuwa unapiga haraka kwenye kiganja changu. Nyumbani nilimfungua kamba. Shangazi hakumchinja, wala mimi. Alikaa, akataga, akafa kwa kideri mwaka uliofuata pamoja na kuku wengine wa kijiji.

Vita ile haikutangazwa kuwa imeanza, na haikutangazwa kuwa imekwisha. Magari ya askari yaliongezeka, milio ikapungua, na kiangazi kimoja wapasua mbao wakarudi msituni. Nikihesabu, kitongoji chetu kilipoteza watu sita. Kuhusu watano nalaumu bunduki. Kuhusu mmoja siwezi kuilaumu bunduki peke yake. Watu wananiambia kwamba gari lile lingeshambuliwa hata kama lisingembeba Likwena. Ni kweli. Lakini asingekuwemo.

Nimeufikiria pia upande wa yule kijana wa bara. Alisoma kilichoandikwa. Mimi ndiye niliyejua kicheko kilikuwa wapi.

Siku hizi naishi Mtama, nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye kibanda kimoja karibu na soko. Mteja akija na maelezo ya ugomvi au ya msiba, namuuliza yalisemwaje, na nani alikuwa anacheka. Wengine wanaona nawachelewesha. Naandika haraka kuliko zamani, na naacha makosa madogo yaende.

Kijijini nakwenda mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Mtumbwi sasa ni wa Somoe. Nikishuka bandarini ananingoja nikae vizuri, ananiuliza habari za safari, ananiuliza habari za afya yangu, nami namjibu njema. Tukifika ng'ambo ananiambia, "Karibu tena, kaka." Nyumba yake na nyumba yetu hazitaniani tena. Tunasalimiana kwa adabu.